Mstari unaokata mwingine kwa pembe mraba

Mdogo wangu, umeuliza kutoka Nachingwea namna ya kupata mlinganyo wa mstari unaopita kwenye nukta (6, 1) na kuukata mstari 3x − 2y = 8 kwa pembe mraba, nawe umepata mteremko (kiasi cha kupanda kwa kila hatua moja ya kulia) wa 2/3. Umegeuza sehemu 3/2 kuwa 2/3 vizuri, lakini umesahau kubadili alama iwe hasi.

Mstari uliopewa huandikwa y = (3/2)x − 4, yaani kila ukienda hatua 2 kulia unapanda hatua 3. Ukizungusha mwendo huo kwa nyuzi 90, kama tunavyogeuza kamba kwenye kona ya shamba la mikorosho tunapopanga mistari ya miche, zile hatua 2 za kulia zinakuwa 2 za kupanda, na zile 3 za kupanda zinakuwa 3 za kwenda kushoto. Ndiyo maana mteremko mpya ni −2/3, na miteremko yote miwili ikizidishwa hutoa −1. Naomba uchore jambo hili kwenye karatasi ya miraba, kwa sababu ukiliona hutalisahau.

Basi, kwa kuwa mstari mpya unapita kwenye (6, 1), y − 1 = −(2/3)(x − 6), ambayo ni 2x + 3y = 15. Hakiki: 2 × 6 + 3 × 1 = 15.

Kama mstari uliopewa ungekuwa mlalo, mfano y = 4, kanuni ya −1 isingetumika, kwa kuwa mstari wima hauna mteremko; jibu lingekuwa x = 6.