Barua kwa mwanangu: nani anatia sahihi?

Mwanangu,

Umeniuliza mjukuu wangu aende chuo cha sanaa Bagamoyo au akae na mchoraji wa picha za Tingatinga pale Morogoro Stores, Dar es Salaam. Popote aendapo, kwanza muulizeni huyo mwalimu nani atatia sahihi kwenye picha.

Kaka yako, kwa yule fundi wake, miezi minane hakuchora mnyama hata mmoja. Aliwamba kitambaa cha kuchorea kwenye fremu. Unapigilia misumari katikati ya pande zinazotazamana, ndipo unasogea kuelekea kona. Ukianzia kona, kitambaa kinakunjamana. Halafu akapewa kujaza rangi ndani ya michoro ya fundi. Mkono hufundishwa na mkono, nimesema siku zote. Rangi ya mafuta hukauka juu na chini ikabaki mbichi. Ukiwahi kupaka ya pili, inajikunja kama utandu wa maziwa. Wakati wa masika ndiyo usiseme, siku moja ya kukauka inakuwa tatu. Na ukizidisha tina, ile ya kuzimulia rangi, ili brashi iteleze, nyeusi inatambaa ndani ya njano, madoa ya chui hayana ukingo tena.

Hayo yote aliyashika. Kisha chui wake wa kwanza, aliyemchora mwenyewe kuanzia penseli hadi sharubu, akauzwa kwa jina la fundi. Unakumbuka alivyokaa barazani, chakula hataki. Mimi hadi leo nikiona chui kwenye picha, macho yanakimbilia sahihi.

Lakini rangi ilikuwa ya fundi, fremu ya fundi, na pango la banda alilipa yeye. Anayejaza rangi ndani ya mchoro wa mwenzake hajachora picha, hilo nakubali. Ila chui yule hakuwa mchoro wa mwenzake! Edward Tingatinga, mwenye kuanzisha picha hizi, alianza mwaka 1968 na vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, akafariki 1972. Miaka minne tu, na waliotoka mkononi mwake, akina Simon Mpata na January Linda, tunawajua kwa majina yao. Mkono hufundishwa na mkono, lakini jina halikopeshwi.

Basi kaeni na fundi kabla mtoto hajaanza, mwandike: miezi mingapi ya kujaza, lini ataanza kutia sahihi, fungu lake picha ikiuzwa, rangi ananunua nani. Na siku za mauzo awepo, asikie bei inavyopatikana.

Chuo au banda, amueni wewe na mkwe wangu. Nimejizuia kusema, na unajua inavyoniwia vigumu. Ila kama ni banda, mnunulieni brashi zake, nyembamba mbili na pana moja. Za kuazima hurudi zimekauka na rangi.

Mama yako