RV ya futi 28 na udongo wa Badlands

SWALI: Mtaalamu, salaam. Mwezi wa tisa tunatoka Minneapolis na watoto kwenda Badlands, hifadhi ya taifa ya South Dakota, Marekani. Tumekodi RV (gari kubwa lenye vitanda na jiko ndani) ya futi 28. Shemeji anashauri tulale kambi ya Sage Creek kwa kuwa hakuna malipo, ila njia yake ni ya kokoto. Tutapita? Na ile milima imepataje mistari?

JIBU: Kuhusu malipo shemeji yuko sahihi. Lakini kambi ya Sage Creek haipokei RV inayozidi futi 18, kwa hiyo yenu haimo. Hata ingeruhusiwa, mimi kama mwanajiolojia ningewazuia, kwa sababu ile ile iliyoleta mistari: udongo.

Chini kabisa kuna matope meusi ya bahari iliyokuwa hapo zaidi ya miaka milioni 69 iliyopita. Bahari ilipokauka, sehemu ya juu ya matope hayo ilichakaa ikageuka manjano. Mtaiona kwenye vilima viitwavyo Yellow Mounds. Juu yake kuna tabaka la kijivu liitwalo Chadron, lililoletwa na mito miaka milioni 37 hadi 34 iliyopita, kisha Brule, lenye rangi ya mchanga na mistari myekundu. Kila mstari mwekundu ni ardhi ya zamani iliyoota mimea kabla ya kufukiwa na tope jipya.

Matabaka hayo yana majivu mengi ya volkano, na majivu yakioza huwa mfinyanzi unaokunywa maji na kuvimba. Chuchumaeni kwenye kilima cha Chadron siku ya jua: uso wake umefura na kupasuka kama bisi, na ukiukanyaga unabonyea. Mvua ikinyesha kidogo tu, huo huo unakuwa utelezi, unanata, unajaza meno ya tairi mpaka tairi linabaki kipara. Aliyewahi kukwama kwenye udongo mweusi wa mbuga kwetu anaelewa. Madini yake ni ya ukoo mmoja. Septemba huwa kukavu, kweli, ila wingu moja linatosha, na kokoto juu ya udongo wa namna hiyo haziokoi gari zito.

Basi shikeni lami. Tokeni barabara kuu ya I-90 kwenye njia ya kutokea namba 131, mfuate barabara 240 mpaka mji wa Wall, kama maili 39. Mkianza asubuhi, jua litakuwa mgongoni na rangi zitaonekana vizuri. Kwenye miteremko ya Cedar Pass na Dillon Pass shukeni kwa gia ndogo, msikalie breki. Upepo wa kukata ubavuni kule nyandani nao si mchezo; RV ni ukuta unaotembea, punguzeni mwendo.

Laleni kwenye kambi ya Cedar Pass. Wekeni nafasi mapema, mchague penye umeme. Nafasi za kuegesha hazina bomba la maji, hivyo jazeni tangi kabla ya kuegesha.

Mmomonyoko hula karibu inchi moja kwa mwaka, kwa hiyo mifupa ya kale huchomoza kila mara. Mwaka 2010 msichana wa miaka saba aligundua fuvu la mnyama aliyefanana na paka, mwenye meno ya jambia, karibu na kituo cha wageni. Wanenu wakiona mfupa wasiuguse: pigeni picha, kumbukeni mahali, mkawaambie askari wa hifadhi. Kuuchukua ni kosa kisheria.