Geuza Pakiti ya Dawa Kabla Hujaingia Google

Msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, unaonekana unayajua haya mambo. Nitajie tovuti moja tu ya afya ninayoweza kuiamini, nisihangaike." Sitaficha, nimefurahi kuitwa mjuaji, maana kwetu jina hilo natupiwa kwa kejeli. Tovuti nzuri zipo. MedlinePlus ya Marekani ni ya serikali na haina matangazo ya kukuuzia dawa, na ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ni hivyohivyo. Lakini ukiingia huko hujui unauliza nini, utatoka na hofu uliyoingia nayo.

Ngoja nikupe kisa cha mama yangu.

Mama ana presha. Alibadilishiwa dawa, na baada ya muda akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, hakina makohozi, kinamkereketa kooni, na usiku ndiyo balaa. Homa hana, uzito haujapungua. Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp kila mtu akawa bingwa. Shangazi akaleta ujumbe wa sauti wenye alama kwamba umesambazwa mara nyingi, unasifia majani fulani ya kuchemsha. Kaka yangu akaandika Google "kikohozi kisichoisha", akaletewa kifua kikuu, saratani ya mapafu na moyo kushindwa kufanya kazi. Kati ya hayo yote, picha ya skrini aliyotutumia ni ya saratani! Mama akaiona. Usiku ule hakulala, na si kwa sababu ya kikohozi.

Kaka hayuko peke yake. Mwaka 2009 watafiti wa Microsoft, Ryen White na Eric Horvitz, walichapisha utafiti kuhusu watu wanaoanza na dalili ndogo na kuishia kusoma magonjwa makubwa yaliyo nadra. Unaanza na kichwa kuuma, unamalizia na uvimbe kwenye ubongo. Google haimjui mama yako. Inajibu maneno uliyoandika, basi.

Mimi nilianzia kwenye pakiti. Jina kubwa la rangi pale juu ni la biashara, na kila kampuni ina lake. Chini yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na jina la dawa yenyewe: enalapril. Ndilo nililotafuta, pamoja na neno kikohozi. Kisha nikaitoa ile karatasi nyembamba iliyokunjwa ndani ya boksi, ambayo wengi wetu huitupa, nikasoma sehemu ya madhara. Kikohozi kiko kwenye fungu la "mara nyingi sana", ambalo kwenye karatasi hizi lina maana ya zaidi ya mtu 1 kati ya 10. Fungu la "nadra" ni chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Dawa za jamii hii, zenye majina yanayoishia na "pril", huzuia kimeng'enya ambacho kazi yake mojawapo ni kuvunjavunja kemikali iitwayo bradikinini. Isipovunjwa, inajikusanya kwenye njia ya hewa na mtu anakohoa.

Nikaliandika hilo kundini. Kaka akajibu: "Haya, Daktari Google ameamka." Vicheko vikamiminika, hata kutoka kwa binamu ambaye huwa haandiki chochote mwaka mzima. Iliniuma, na bado inaniuma.

Tukaenda kliniki na nusu ukurasa mkononi: kikohozi kilianza lini, dawa ilibadilishwa lini, na dawa zote anazomeza. Sikumwambia daktari "nimesoma mtandaoni". Niliuliza tu: je, kikohozi hiki kinaweza kutokana na enalapril? Akasikiliza kifua, akaagiza eksirei, kisha akambadilishia mama akampa losartan, dawa ya presha isiyo ya jamii ya "pril". Kikohozi cha aina hii hakikatiki siku hiyohiyo. Kwa kawaida huisha kati ya wiki 1 na 4, na kwa wengine huchukua hadi miezi 3. Kaka alitumia kipindi hicho chote kuuliza "vipi, Daktari?" Kikaisha. Kundini hajasema neno.

Najua nawe unataka kuwa yule anayepigiwa simu mtu akiugua nyumbani. Basi jizoeze kuuliza vizuri. Anza na jina la dawa, lile la herufi ndogo. Angalia tarehe ya ukurasa, maana ushauri hubadilika. Hata jibu la akili bandia linalojitokeza juu kabisa, bonyeza chanzo chake ukisome mwenyewe. Na ukisoma namba, soma na kipimo chake. Sukari ya 7.0 kwa mmol/L na ya 126 kwa mg/dL ni sukari ileile, ila nimeona mtu akitetemeka kwa kuwa mashine yake ilisema 126 na ukurasa aliousoma ulitaja 7. Halafu rudi kwenye jina la dawa. Nalirudia kwa sababu mtalisahau.

Kuacha dawa au kuibadilisha ni kazi ya daktari, hasa ya presha, ambayo ikipanda kimyakimya inaleta kiharusi. Kaka, kama unasoma hapa: hata siku ile ya vicheko sikumwambia mama aruke kidonge hata kimoja.