Baba amefariki, cheti cha kifo hakuna, na kijana anataka kuomba mkopo wa chuo

SWALI: Habari za kazi, mwanangu mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi kijijini wilayani Manyoni, nalima alizeti na mtama. Kijana wangu wa kwanza amemaliza mtihani wa kidato cha sita na ameitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria. Baba yake alifariki nyumbani mwaka 2017. Cheti cha kifo hatukuwahi kuchukua, ninacho kibali cha mazishi tu, nacho kimeandikwa jina la utani alilojulikana nalo kijijini. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinasema baba ni Yohane, cheti cha kidato cha nne kinasema Yohana. Kidato cha kwanza hadi cha nne alisoma shule binafsi, analipiwa na shirika la kanisa. Sasa kijana mmoja wa steshenari mjini anasema nimpe shilingi 50,000 atamaliza kila kitu, na tujaze kwamba wazazi wote wawili wako hai ili tusisumbuke na vyeti. Nifanyeje? Na nasikia deni lenyewe huongezeka kila mwaka, ni kweli?

JIBU: Shikamoo mama. Pole sana kwa kuondokewa na mwenzio, na hongera kwa kumfikisha mtoto kidato cha sita peke yako.

Nianze na ushauri wa huyo wa steshenari, maana ndio unaoweza kuharibu mengine yote. Msijaze kwamba baba yuko hai. Kwanza ni uongo, na fomu ya maombi huthibitishwa mbele ya kamishna wa viapo. Pili, mtakuwa mmemnyang'anya mtoto haki yake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, haimfahamu mwanao wala haijafika shambani kwako. Inapima uhitaji wake kwa yale mliyojaza na vielelezo mlivyoambatisha. Kufiwa na mzazi ni miongoni mwa mambo makubwa yanayotazamwa, pamoja na ulemavu na kaya kuwa kwenye TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Ukijaza kwamba baba yuko hai, mfumo utamhesabu kijana kama mtoto wa wazazi wawili.

Nimekaa dawati la mikopo chuoni kwa miaka mingi, na jambo hili limeniumiza zaidi ya mengine. Namkumbuka binti mmoja aliyekuja mwezi wa kumi na moja, ada haijalipwa na chumba hana. Akatoa kwenye mkoba kibali cha mazishi cha baba yake, kimekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka, akaniuliza kama hicho hakitoshi. Hakikutosha. Kibali kile ni ruhusa ya kuzika. Kinachothibitisha kifo kwa Bodi ni cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Familia ilikuwa na miaka mitano ya kukitafuta, lakini hakuna aliyewaambia kwamba siku moja kitahitajika.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, mama, ifanye wiki hii, na usingoje matokeo ya kidato cha sita. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na ule ule kibali cha mazishi, mweleze kwamba kifo kilitokea nyumbani na hakikusajiliwa. Omba barua inayotaja tarehe na mahali pa kifo, na inayosema wazi kwamba yule aliyeandikwa kwa jina la utani ndiye huyo mume wako mwenye jina rasmi. Kisha nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, pale ndipo usajili wa vizazi na vifo wa RITA unapofanyika kwa ngazi ya wilaya. Ni usajili uliochelewa, hivyo wataulizia vielelezo vingi. Beba cheti chako cha ndoa kama unacho, kadi yake ya mpiga kura kama ilibaki sandukuni, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Hicho cha mtoto usikisahau, maana hapa una nafasi ambayo wengi hawaipati. Cheti cha kifo hakijaandikwa bado. Kabla karani hajaandika, mwonyeshe jina la baba lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa na vielelezo vingine, mkubaliane tahajia rasmi ya jina la marehemu. Kikitolewa, kisome herufi kwa herufi ukiwa bado dirishani. Nimeona vyeti vya kifo vilivyopatikana kwa jasho, halafu jina la marehemu halifanani na la baba kwenye cheti cha mtoto, na familia ikaanza upya.

Sasa hilo la Yohane na Yohana. Wewe unaona herufi moja, lakini mtu anayelinganisha nyaraka huona watu wawili. Kijana akifungua maombi kwenye mfumo wa Bodi, unaoitwa OLAMS, anaanza na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na majina yanatoka NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Kwa hiyo chukulieni jina la cheti cha kidato cha nne kuwa ndilo nguzo, nyaraka nyingine ziegemee hapo. Ukiwa ofisi ya wilaya ulizia kama cheti cha kuzaliwa kinaweza kusahihishwa. Wakikataa, nendeni kwa wakili mtengeneze hati ya kubadili jina na isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Karatasi ya kiapo ya ukurasa mmoja yenye mhuri wa wakili peke yake msiitegemee.

Vyeti vikiwa tayari, cha kuzaliwa na cha kifo vyote vinapelekwa RITA kwa njia ya mtandao kuhakikiwa. (Kwa wasomaji wa Zanzibar, uhakiki wenu unafanywa na ZCSRA, wakala wa usajili wa huko.) Mwezi wa saba kila mzazi wa nchi hii anahakiki cheti, na foleni ni ndefu. Anayeanza sasa hapati presha hiyo.

Kuhusu shule binafsi, umefanya vizuri kuitaja, maana wazazi wengi huificha wakiogopa. Mfumo ukiona kidato cha nne kwenye shule ya ada kubwa bila maelezo, husoma kwamba nyumbani kuna uwezo. Jibu lake ni barua ya ufadhili. Rudi kwenye lile shirika la kanisa uwaombe barua yenye nembo, sahihi na mhuri, inayosema walimlipia kuanzia kidato gani hadi kipi. Wafadhili huhama na maofisi hufungwa, kwa hiyo usisubiri. Barua hiyo inabadilisha kabisa picha ya familia yenu.

Halafu kuna JKT. Kijana akiwa kambini hutamfikia kirahisi, na fomu inahitaji sahihi yake mwenyewe. Ikichapishwa, inasainiwa na mwombaji, na mdhamini, ambaye unaweza kuwa wewe mwenyewe ukiwa na kitambulisho chako na picha. Inapigwa mhuri na serikali ya kijiji au mtaa, na inathibitishwa na kamishna wa viapo, ambaye anaweza kuwa wakili au hakimu. Kisha kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kupandishwa tena kwenye mfumo. Kwa kawaida dirisha la maombi hufunguliwa karibu na mwezi wa sita, kwa hiyo likifunguliwa kabla hajaripoti, jazeni na asaini. Likifunguliwa akiwa ameshaondoka, mwombeni ruhusa kupitia viongozi wa kambi mapema, msingoje wiki ya mwisho.

Steshenari sikukatazi, mama. Huko ndiko kwenye kompyuta na skana, na vijana wengi wa pale ni waaminifu. Lakini kaa naye ubavuni. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe, na risiti inabaki kwako. Kinachozidi hapo ni ujira wake wa kuchapa, kwa hiyo muulize 50,000 zake ni za nini na nini. La muhimu kuliko pesa, namba ya simu na barua pepe ziwe za mwanao, na neno la siri aliandike kwenye daftari. Nimepokea wanafunzi ambao taarifa zao zote ziliingia kwenye simu ya mtu aliyeshafunga kibanda na kuhamia mji mwingine. Bodi huwapa nafasi ya kurekebisha waliokosea viambatisho, lakini wao hawakujua kwamba wameitwa kurekebisha. Kabla hamjaondoka, fungueni kila kiambatisho kilichopandishwa mkione. Mhuri usiosomeka ni sawa na kukosa mhuri, na picha ya simu iliyopigwa kwa kivuli msiikubali. Mwisho hakikisheni maombi yametumwa kweli. Wapo wanaojaza kila kitu na kukiacha bila kukituma.

Matokeo yakitoka na akachaguliwa chuo zaidi ya kimoja, athibitishe kimoja tu, tena mapema, la sivyo fedha hazitajua zimfuate wapi. Mkopo akipangiwa, ada hupelekwa chuoni na fedha ya chakula na malazi humfikia yeye. Fedha hiyo mara nyingi haimsubiri getini siku ya kuripoti, kwa hiyo ukivuna alizeti tenga ya wiki chache za mwanzo. Akipangiwa kidogo kuliko hali yenu, dirisha la rufaa hufunguliwa, na rufaa hushinda kwa kielelezo ambacho hakikuwepo mwanzo. Barua ndefu ya kulalamika haisaidii.

Deni: ulichosikia kilikuwa kweli zamani. Ilikuwapo tozo ya kutunza thamani ya asilimia 6 kwa mwaka, na wengi walishangaa kuona deni linakua huku wanalipa. Iliondolewa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa. Sasa deni halikui tena kwa tozo hiyo, na kijana akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi liishe.

Ukipata barua ya mtendaji, nitumie picha yake kabla hujapanda basi kwenda wilayani. Nitaisoma nikuambie kama kuna kilichopungua, ili nauli yako isiende bure.