Mjomba Ajibu: Gofu la shule na roketi ya mkaa

SWALI
Assalam alaykum mjomba. Mi ni kijana wa Mambrui, huku kwetu nje ya mji kuna gofu la shule, wanafunzi walihamishwa zamani hata babangu hakusoma hapo, sasa ni miba na popo tu. Mimi na wenzangu tunataka tuingie tupige video na tujue historia yake lakini kila mtu anasema lake, huyu ati ina majini, huyu ati ilifukiwa na mchanga, mamangu hataki hata kusikia. Nilichungulia dirishani nikaona mlango umeandikwa STD 7, yaani darasa la saba, na ukutani kuna roketi imechorwa kwa mkaa. Je niingie? Na nitajuaje ilikuwa ya lini na kwa nini iliachwa?
Kijana wa Mambrui

JIBU
Waalaykum salaam mpwa wangu. Nianze na hiyo roketi manake hiyo ndo iliyonifanya nichague barua yako. We unakaa Mambrui, Ngomeni si mbali, na pale Ngomeni baharini Waitaliano walikuwa wakirusha roketi za kweli kweli kutoka kwenye jukwaa lao la San Marco, ya kwanza hapo jukwaani ilipaa 1967 na ya mwisho 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa setilaiti ikapewa jina la Uhuru, kazi yake kutafuta miale ya eksirei angani, na ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Kwa hiyo mtoto wa huko kwenu kuchora roketi si ajabu, pengine aliiona kwa macho yake ikipanda, akarudi darasani hana hamu ya hesabu.

Lakini usikimbilie kusema shule ni ya miaka hiyo. Sogea karibu uangalie mkaa umekaa wapi. Kama umefunikwa na rangi au chokaa ya juu basi ulichorwa shule ikiwa hai na mtu akaja kupaka, kama uko juu ya kila kitu, juu ya ukungu na juu ya sehemu iliyobambuka, huyo huenda ni mchunga mbuzi wa juzi tu alijikinga mvua. Usiupanguse, wala usimwagie maji ili utokee vizuri kwenye kamera, nawajua nyie.

STD 7 nayo ina maneno. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985 shule za msingi ziliongezewa darasa la nane, kabla ya hapo watoto walikuwa wanamalizia la saba wanafanya CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Sasa zunguka milango yote. Ukipata la saba ndo la mwisho na hakuna chumba kingine chenye dalili za darasa, kuna uwezekano iliachwa kabla ya 1985, japo si ushahidi wa kupeleka kortini, shule nyingine hazikuwa na madarasa ya kutosha, wakasomea chini ya mti.

Hiyo ya mchanga mi naiamini zaidi kuliko unavyodhani. Mto Sabaki unamwaga bahari hapo kati ya Malindi na Mambrui na unashusha udongo wa bara kote huko, si unaona masika bahari inavyogeuka rangi ya chai, halafu mawimbi yanausukuma ufukweni na upepo unaupandisha, ndo hivyo vilima vya mchanga mnavyovipanda jioni. Ukiingia tazama mchanga uko upande gani. Ukiwa umelala upande mmoja tu, ule wa baharini, na umefika usawa wa dirisha, hiyo ni kazi ya upepo. Ukiwa ni tope lililokauka na kuacha mstari ukutani pande zote kwa urefu sawa, hayo ni mafuriko, na hapo hadithi ni nyingine kabisa.

Majini sibishani na mamako. Ila uliza swali moja tu, waliyaona shule ikiwa bado na wanafunzi au baada ya kufungwa? Mara nyingi ni baada. Na mi naona maneno hayo yana faida yake, jengo lisilo na majini huwa halimalizi mwaka mabati yake yashauzwa.

Kuhusu kuingia, sikatazi, lakini si kwa kuruka ukuta. Ardhi ina mwenyewe hata kama haonekani, nendeni kwa mzee wa kijiji au chifu mseme mnataka nini, akiwapa mtu wa kuwapeleka mmepata na mwalimu wa bure. Nendeni asubuhi. Mi popo hawanitishi ila vumbi la kinyesi chao si la kuvuta, linaingia mapafuni mtu akaugua kweli, kwa hiyo barakoa, na msifagie ovyo. Paa kama ni zile bati za kijivu zinazofanana na simenti msizivunje wala kuzikanyaga, huenda ni asbesto. Na kinachoua kwenye magofu ya shule si jini, ni shimo la choo. Ile sakafu ya choo cha zamani miti ya chini ishaliwa na mchwa, juu unaona simenti nzima, ukikanyaga umekwenda. Kisima vile vile, miba imekifunika huoni hata mdomo wake. Huko nyuma msiende kabisa.

Sasa ukishatoka ndani kazi yenyewe ndo inaanza, manake kuta zinasema nusu tu. Kaa na wazee, na usiwaulize mwaka gani, hakuna atakayekwambia. Waulize, Mzee Kenyatta alipofariki (hiyo ni Agosti 1978) ulikuwa darasa la ngapi? Maziwa ya Nyayo mliyanywa hapa au kule shule mpya? Hayo maziwa ya bure ya serikali ya Moi shuleni yalianza 1979, na mtu aliyeyanywa utotoni hasahau hata akisahau jina la mwalimu wake. Mvua za Elnino za 1997 zilikuta jengo lina paa? Kwa maswali matatu hayo umeshabana miaka. Waulize na kina bibi tafadhali, vijana mkienda kwa wazee mnaishia barazani kwa wanaume, na aliyeachishwa shule aolewe anaikumbuka ile shule kuliko aliyemaliza.

Tena watoto walihamishiwa shule gani? Nendeni kwa mwalimu mkuu wa huko kwa heshima, rejista za kuandikisha wanafunzi kawaida huhama na shule, na zinaonyesha tarehe mtoto alipoingia na alikotoka. Ofisi ya elimu ya eneo lenu pia. Mkikwama kuna Nyaraka za Taifa kule Nairobi lakini hiyo ni safari, anzeni nyumbani.

Video pigeni, ila msiseme gofu liko wapi hasa.

SWALI
Mjomba mimi niko Lamu, kuna nyumba kuukuu mtaani wanasema ilikuwa shule. Nitajuaje kama ilijengwa kuwa shule au ilikuwa nyumba ya mtu? Na naweza kuchukua mlango wake, unaoza bure?
Mama wa Mkomani

JIBU
Dada, pima upana wa chumba. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe dari yake inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali, mita tatu shida, ndo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Ukikuta vyembamba hivyo basi ilikuwa nyumba, shule ilikuja baadaye ikajibana humo. Ukikuta chumba kipana cha mraba na mbao za kupasua juu, hicho kilijengwa au kilibomolewa makusudi kwa darasa. Kwaruza na kiungo cha mawe kwa msumari, chokaa ya zamani inamomonyoka nyeupe, simenti inakataa.

Mlango hapana. Una mwenyewe huo, na Mji wa Kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, nenda ofisi ya makumbusho uwaambie unaoza, wanao mafundi.