Kutenganisha na Kupanga Upya Miti ya Msitu wa Bonsai

Msitu wangu wa kwanza wa bonsai, yaani miti midogo iliyodumazwa kwa ustadi na kupandwa pamoja katika trei ili ifanane na msitu, ulikuwa na miti 9 ya elmu ya Kichina, nami niliuharibu siku ileile niliyoamua kuutengeneza. Ulikuwa umekaa miaka 5 katika trei moja bila kuguswa, mizizi ikiwa imesukana kama mkeka, maji yakituama juu ya udongo badala ya kupenya, na mashina yakiwa yamenenepa hadi kukaribia kugusana. Niliing'oa miti yote, nikaitenganisha mmoja mmoja, nikaiosha mizizi hadi ikawa mitupu, kisha nikaipanda kwa umbali sawa. Miwili ilikufa, na saba iliyobaki ikasimama kama nguzo za uzio.

Kosa langu kubwa lilikuwa kudhani kwamba kila mti sharti uachanishwe na wenzake. Siku hizi, kabla ya kushika chombo chochote, huamua ni miti ipi hasa inayopaswa kuhama, na mara nyingi huwa miwili au mitatu tu. Kisha huukata mkeka wa mizizi kwa msumeno baina ya makundi, ili kila kundi liondoke na udongo wake pamoja na mizizi myembamba inayonyonya maji. Mizizi minene ielekeayo chini huipunguza bila huruma, kwa kuwa kazi ya kuushikilia mti inaweza kufanywa kwa muda na waya uliopitishwa katika matundu ya trei. Kwa miti inayopukutisha majani, kazi hii hufanywa machipukizi yanapovimba, kabla hayajafunguka.

Katika kupanga, umbali hupimwa kwenye vitako vya mashina, si kwenye majani, kwa sababu matawi yatakatwa na kukua tena ilhali shina litabaki pale lilipo. Mti mkuu, mnene na mrefu kuliko yote, huupanda kwanza, takriban theluthi moja ya urefu wa trei kutoka upande mmoja. Unaoufuatia kwa unene huusogeza karibu nao sana, pengine kuliko moyo unavyoridhia, kisha nafasi zikapanuka kuelekea pembeni bila kulingana. Hakuna shina linalopaswa kulificha jingine likitazamwa kutoka mbele, wala mashina matatu kukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Sharti hili la mwisho linachosha, maana ukiukwepa mstari mmoja unaangukia mwingine. Ndiyo maana huanza kwa kuchomeka vijiti, si miti.

Kuhusu kanuni ya idadi witiri, yaani kwamba idadi ya miti isigawanyike kwa mbili, naiona ina maana katika misitu midogo tu, kwani miti ikizidi kumi jicho huacha kuhesabu. Goshin, msitu mashuhuri wa mireteni wa John Naka, bingwa wa bonsai wa Marekani, uliopo Washington, una miti 11 kwa sababu kila mti unamwakilisha mjukuu wake mmoja.

Msitu wangu sasa una makundi mawili yaliyotengwa na uwazi usiopandwa kitu. Kipande cha mzizi nilichokata siku ile ya hasara kilichipua chenyewe, na mti wake, mwembamba kuliko yote, nimeupanda nyuma kabisa, ambako wembamba huo unaufanya msitu uonekane kama unaendelea mbali.