Una maporomoko nyuma ya shamba? Usinunue bati kwanza

Juzi msomaji wa Busokelo, huku kwetu Rungwe mkoani Mbeya, ameniandikia: "Dada, chini ya chai yetu kuna maporomoko. Nataka kujenga vibanda vya kulala wageni palepale kando ya maji. Nianzie wapi?"

Mdogo wangu, palepale hapana. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au kwenye chanzo cha maji. Na mvua za Rungwe unazijua mwenyewe. Vibanda weka juu, huko kwenye barabara.

Niwe mkweli, kazi hii naijua, na naomba niringe kidogo. Nilipoanza kuongoza wageni, wenzangu walikuwa wanawashusha Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba wa asili, picha mbili tatu, gari linageuzwa. Mimi nikawaketisha wangu juu ya Mto Kiwira nikawaeleza: lava, uji wa moto wa volkano, ilitiririka bondeni, tabaka la juu likapoa na kuganda, maji yakajipatia njia chini yake. Hapo mgeni anaacha simu, anaanza kuuliza. Ukimpeleka Kijungu akaona mto unavyojizungusha kwenye shimo la mwamba, kisha maporomoko ya Kaporogwe akapita nyuma ya maji hadi pangoni, hataki tena kurudi Mbeya mjini jioni hiyohiyo. Kesho anataka Ngosi, ziwa lililokaa ndani ya volkano iliyobomoka. Keshokutwa majimoto ya Songwe. Vyote hivyo vimetokea hapa kwetu kwa sababu mikono ya Bonde la Ufa inakutana hapa. Maporomoko peke yake ni picha tu. Ukiyaeleza, mgeni analala, anakula, anarudi na wenzake.

Basi kampuni moja ya mjini ikanitumia kijana, eti yuko mafunzoni. Nilimlisha, nikamfundisha kila kituo. Leo mpangilio wangu, hadi maneno yangu, yako kwenye bango lao. Salamu zangu hawaitikii. Bado inaniuma, sitadanganya.

Ndiyo maana nakusihi: kabla ya kufyeka hata njia, nenda serikali ya kijiji. Omba lizungumzwe kwenye mkutano mkuu, mkubaliane nani anaongoza, nani anapika, kijiji kinapata nini, na uondoke na muhtasari wenye mhuri. Waone wazee pia, maana kuna maji ambayo hayaendewi ovyo. Halafu jifunze mawe ya kwenu! Vijana tunakimbilia kukodi pikipiki na kuchapisha fulana, ukituuliza mwamba huu umetoka wapi tunatazamana. Jifunze.

Njia yenyewe itengeneze kiangazi, kuanzia Juni, ukate ngazi kwenye udongo na kufunga mianzi ya kushikia. Na kiingilio chochote mtakachopanga, toeni risiti, hata kwa mtoto wa diwani.